Kiyoyozi Kikiharibika: Ukitengeneze au Ununue Kingine?

Kaskazi inapoingia, kuanzia Desemba hadi Machi, joto la mchana hapa Mombasa hupanda hadi nyuzi 32 na zaidi, na usiku haupoi kama wakati wa kusi. Hiki ndicho kipindi ambacho viyoyozi vingi huharibika, kwa sababu vinafanya kazi bila kupumzika. Ndicho pia kipindi ambacho mafundi wana kazi nyingi na mwenye nyumba hana subira. Uamuzi wa makumi ya maelfu ya shilingi hufanywa kwa dakika tano, jasho likitiririka, fundi akiwa juu ya ngazi akisubiri jibu.

Makala haya yanakusudia kumsaidia mkaazi afanye uamuzi huo akiwa ametulia. Wengi huanza kwa kuuliza, "Kina miaka mingapi?" Umri una uzito wake, lakini kuna maswali matatu yanayotangulia: ni sehemu gani iliyoharibika, mashine inatumia gesi ya aina gani, na wewe unaiwasha kwa saa ngapi. Mtu mwenye kiyoyozi cha miaka 12 anaweza kufanya vyema akikitengeneza, na jirani yake mwenye cha miaka sita akafanya vyema akikitupa.

Na si jambo la starehe pekee. Chukua mfano wa mama mwenye duka la dawa kule Kisauni. Pakiti nyingi za dawa rafuni mwake zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 30, na nyingine chini ya nyuzi 25. Kiyoyozi kikizima mwezi wa Februari, dawa hizo zinaanza kuharibika na wagonjwa watakaozinunua hawana njia ya kujua. Kwake yeye, kukosea uamuzi ni kupoteza bidhaa au kuhatarisha watu. Tutarudi kwake tukifika kwenye hesabu.

Kabla ya kumwita fundi

Malalamiko mengi ya "AC haipoi" huisha bila kununua chochote. Fungua kifuniko cha sehemu ya ndani, toa filta, uiangalie dhidi ya mwangaza. Ikiwa huoni mwanga upande wa pili, hapo ndipo tatizo lilipo. Ioshe kwa maji ya kawaida, iache ikauke kivulini, uirudishe. Katika nyumba zilizo karibu na barabara yenye vumbi, kazi hii inafaa kufanywa kila baada ya wiki mbili wakati wa joto.

Maji yakidondoka ukutani ndani ya chumba, mara nyingi ni mpira wa kutolea maji uliozibwa na uchafu au na wadudu. Kuuzibua ni kazi ya nusu saa. Rimoti isiyoonyesha kitu inahitaji betri. Na hakikisha rimoti iko kwenye alama ya ubaridi, si ya feni tupu wala ya kukausha hewa. Mafundi watakuambia ni mara ngapi wameitwa hadi Nyali kwa sababu mtoto alibonyeza kitufe.

Halafu kuna stima yenyewe. Umeme wetu umepangwa kuwa volti 240. Katika mitaa ambako transfoma moja inabeba nyumba nyingi, jioni volti zinaweza kushuka sana, na kompresa, ile pampu iliyo katika sehemu ya nje, ikashindwa kuanza. Utaisikia ikinguruma kidogo, kisha kimya, kisha inajaribu tena. Ikiwa hali hiyo hutokea saa mbili usiku lakini si saa nne asubuhi, usimlaumu kiyoyozi kwanza. Mwite fundi umeme apime volti wakati ule ule wa tatizo. Kifaa cha kulinda umeme unaopanda na kushuka ni rahisi mno kuliko kompresa mpya.

"Mama, gesi imeisha"

Haya ndiyo maneno yanayowagharimu watu wa Pwani pesa nyingi kuliko mengine yote kuhusu viyoyozi, kwa hivyo tuyaeleze kwa kirefu.

Gesi ya kiyoyozi haiishi kama ile ya mtungi wa kupikia. Haichomwi wala haitumiki. Inazunguka ndani ya mabomba ya shaba yaliyofungwa kabisa: ndani ya chumba inageuka kutoka majimaji kuwa mvuke na kufyonza joto, huko nje kompresa inaibana, joto linatupwa hewani, na gesi inarudi kuwa majimaji ili ianze safari upya. Mashine iliyofungwa vizuri inaweza kukaa maisha yake yote na gesi ile ile iliyotoka nayo kiwandani.

Kwa hivyo gesi ikipungua, maana yake ni moja: kuna mahali inavuja. Kujaza gesi bila kutafuta tundu ni sawa na kujaza maji kwenye ndoo iliyotoboka. Itapoa wiki chache, pengine miezi kadhaa, kisha utarudi pale pale, na gesi uliyoilipia itakuwa imeenda angani. Ukijumlisha shilingi 6,000 za kila kujaza, mara mbili kwa mwaka kwa miaka mitatu, umefika 36,000 na bado tundu liko.

Fundi anayejua kazi atalitafuta tundu kwanza. Ataanza kwenye maungio, pale bomba linapofungwa kwa nati, kwa sababu hapo ndipo huvuja zaidi. Povu la sabuni linatosha kuonyesha tundu kubwa. Tundu dogo linahitaji mabomba yajazwe nitrojeni kwa shinikizo na geji iachwe ionyeshe kama shinikizo linashuka. Akishaziba, atatumia pampu ya kunyonya hewa na unyevu wote uliomo kwenye mabomba kabla ya kutia gesi. Kisha atapima gesi kwa mizani, kulingana na uzito ulioandikwa kwenye kibao kilicho ubavuni mwa mashine ya nje. Anayekuja na mtungi peke yake, bila pampu wala mizani, anajaza kwa kukisia. Gesi ikizidi ni hasara vilevile, maana kompresa inaelemewa.

Barafu kwenye bomba, kwa njia, si ushahidi tosha kwamba gesi imepungua. Filta chafu na feni dhaifu huleta barafu hiyo hiyo. Ndiyo sababu tumesema uoshe filta kwanza.

Sehemu gani imeharibika?

Ikiwa kasoro ni kapasita, uamuzi ni mwepesi. Hiki ni kijidude chenye umbo la kopo kinachoisaidia kompresa na feni kuanza kuzunguka. Joto hukichosha, na kikifa mashine ya nje itanguruma bila kuanza, au feni itazunguka tu ukiisukuma (usiisukume kwa mkono). Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na ya kompresa. Lakini dalili zake zinafanana na za kompresa iliyokufa, na wapo waliouziwa mashine mpya kwa kasoro ya kapasita. Fundi akisema "kompresa imekufa", mwombe abadilishe au apime kapasita kwanza, kisha apime nyaya za kompresa kwa mita ukiwa umesimama pale. Hilo si kumdharau. Fundi mzuri hufanya hivyo bila kuombwa.

Vivyo hivyo kwa kitambuzi cha joto, swichi ya ndani ya mashine, na mota ya feni: vyote hivyo hutengenezeka, na mara nyingi inafaa kutengeneza hata kama mashine ni ya zamani kiasi.

Kwa kompresa, kwa bodi ya kielektroniki katika mashine za inveta, na kwa koili iliyooza, mambo hubadilika. Hizi ndizo sehemu zinazobeba bei ya mashine. Mafundi wengi hutumia kipimo cha nusu: gharama ya kutengeneza ikizidi nusu ya bei ya mashine mpya, na muda wa dhamana umeshapita, nunua mpya. Ni kipimo kizuri cha kuanzia, ingawa kinasahau bili ya stima, na bili hiyo wakati mwingine ndiyo kubwa kuliko yote.

Kabla ya hapo, tafuta karatasi za dhamana. Kampuni nyingi hutoa dhamana ndefu zaidi kwa kompresa kuliko kwa sehemu nyingine, na watu huzisahau karatasi hizo kabatini huku wakilipia kitu ambacho wangepewa.

Chumvi ya bahari

Anayeishi Nairobi hana tatizo hili, na vitabu vingi vya maelekezo haviligusii vya kutosha. Koili ya nje imejengwa kwa mabomba ya shaba yaliyopitishwa katika vibati vyembamba vya alumini. Madini hayo mawili yakigusana mahali penye maji ya chumvi, alumini huliwa. Upepo wa bahari unaleta chumvi hiyo kila siku, na unyevu wetu unaifanya ishike.

Mulika tochi nyuma ya mashine yako ya nje. Vibati vikiwa vimepinda kidogo au vimejaa vumbi, vinasafishika. Vikiwa vimegeuka unga mweupe unaomomonyoka ukivigusa, joto halitoki tena, kompresa inafanya kazi mara mbili, na hakuna dawa ya kurudisha alumini iliyokwisha. Mashine ya namna hiyo, hata ikiwa kompresa yake ni nzima, iko mwisho. Kuifungia kompresa mpya ni kupoteza kompresa.

Nyumba zilizo mstari wa kwanza kutoka baharini, kuanzia Nyali hadi Shelly Beach upande wa Likoni, huziona dalili hizi mapema kuliko nyumba za Jomvu au Changamwe. Kinga yake ni nafuu: zima mashine kwenye swichi kuu, kisha ioshe koili ya nje kwa maji baridi ya bomba, si ya kisima chenye chumvi, kwa mpira usio na nguvu nyingi, kila mwezi. Maji ya bomba ni ya shida katika mitaa mingi, tunajua. Ndoo moja na kopo zinatosha.

Gesi gani iko ndani?

Kibao cha ubavuni kitakuambia. Ukiona R-22, hiyo ni gesi ya zamani inayoharibu tabaka la ozoni, lile linalotukinga dhidi ya miale mikali ya jua. Chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka wa 1987 na marekebisho yake, nchi zinazoendelea, Kenya ikiwemo, zinapunguza matumizi ya kundi hilo la gesi hatua kwa hatua: asilimia 10 kufikia 2015, asilimia 35 kufikia 2020, asilimia 67.5 kufikia 2025, na kuziondoa mwaka wa 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha kuhudumia mashine zilizopo hadi 2040.

Kwa mwananchi wa kawaida maana yake ni kwamba gesi hiyo itakuwa adimu na ghali kila mwaka. Mashine ya R-22 yenye kasoro ya kapasita, itengeneze uendelee kuitumia. Mashine ya R-22 inayovuja kwenye koili, achana nayo.

Ukiona R-410A, gesi hiyo haidhuru ozoni lakini inachangia sana ongezeko la joto duniani: kilo moja ni sawa na takriban kilo 2,088 za kaboni dayoksaidi kwa muda wa miaka 100. Nchi zilizokutana Kigali, Rwanda, mwaka wa 2016 zilikubaliana kupunguza gesi za aina hiyo pia, lakini kwa ratiba ndefu zaidi, kwa hivyo mwenye mashine ya R-410A hana haja ya kuharakisha. Mashine nyingi mpya hutumia R-32, ambayo athari yake ni kama thuluthi moja ya hiyo. R-32 inaweza kushika moto ingawa si kwa urahisi, na fundi hapaswi kuchomelea bomba ambalo bado lina gesi.

Gesi hizi hazibadilishani. Shinikizo la R-410A ni kubwa kuliko la R-22 kwa zaidi ya nusu, na mashine iliyoundwa kwa R-22 haikuundwa kulibeba. Na kuna jambo ambalo lazima lisemwe wazi: usikubali kabisa mtu akujazie gesi ya kupikia kwenye kiyoyozi ambacho hakikuundwa kwa gesi inayowaka. Itapoza, ndiyo. Lakini umeweka gesi ya moto kwenye mabomba yanayopita juu ya kitanda chako, karibu na swichi za umeme zinazotoa cheche.

Hesabu ya mwenye duka na hesabu ya mwenye chumba cha wageni

Sasa turudi Kisauni. Bei tutakazotumia ni za mfano. Weka zako mwenyewe, maana hubadilika.

Kompresa ya duka la dawa imekufa. Mashine ni ya BTU 12,000, ya zamani isiyo ya inveta. Kubadilisha kompresa pamoja na gesi na kazi ni shilingi 35,000. Mashine mpya ya inveta, ikiwa imefungwa, ni shilingi 65,000. Kipimo cha nusu kinasema nunua, lakini ni pembamba: 35,000 ni zaidi kidogo tu ya nusu. Mwenye duka angeweza kusema, "Acha niokoe hizo 30,000."

Tazama stima. Mashine yake ya zamani inakula takriban kilowati 1.2 kompresa inapofanya kazi. Duka linafunguliwa saa 12 kwa siku, na tuseme kompresa inazunguka saa tisa kati ya hizo. Hizo ni uniti 10.8 kwa siku. Kwa siku 26 za mwezi ni karibu uniti 280. Mashine ya inveta haizimi na kuwaka. Inapunguza mwendo chumba kikishapoa, na kwa matumizi ya saa nyingi kama haya tuseme inaokoa kama thuluthi moja. Atatumia karibu uniti 180. Tofauti ni uniti 100 kwa mwezi. Ikiwa uniti moja inamgharimu shilingi 25 pamoja na ada na kodi, anaokoa 2,500 kwa mwezi, 30,000 kwa mwaka. Ile tofauti ya bei imerudi ndani ya miezi 12, na kuanzia hapo kila mwezi ni faida yake. Anunue.

Sasa mchukue mzee wa Changamwe mwenye kiyoyozi kile kile, kilichoharibika vile vile, katika chumba cha wageni. Kinawashwa saa nne kwa usiku, kwa usiku 60 hivi kwa mwaka, wanawe wakija likizo. Kompresa ikizunguka saa tatu kati ya hizo nne, ni uniti 3.6 kwa usiku, 216 kwa mwaka mzima. Thuluthi ya hizo ni uniti 72, yaani shilingi 1,800 kwa mwaka. Kuirudisha 30,000 kwa mwendo huo kutamchukua zaidi ya miaka 16. Mzee huyu, ikiwa koili yake haijaliwa na chumvi na gesi si R-22, atengeneze. Au anunue pangaboi na kungoja, maana hakuna sheria inayosema kila chumba lazima kiwe na AC.

Mashine ile ile, kasoro ile ile, majibu mawili. Ndiyo maana usikubali jibu la mtu ambaye hajakuuliza unaiwasha saa ngapi.

Kama hujui mashine yako inakula kiasi gani, mita ya tokeni itakuambia. Zima vitu vyote nyumbani ukiache kiyoyozi, soma salio la uniti, subiri saa mbili wakati wa joto, soma tena. Gawanya kwa mbili. Kwa mteja wa nyumbani kuna jambo lingine la kuzingatia: wanaotumia zaidi ya uniti 100 kwa mwezi hulipa bei ya juu kwa kila uniti kuliko wanaotumia chini ya hapo, na kiyoyozi cha chumba kimoja kinaweza kukuvusha mstari huo peke yake.

Wapangaji wana swali lao. Ikiwa kiyoyozi ni cha mwenye nyumba, soma mkataba kabla ya kutoa pesa, na umjulishe kwa maandishi. Anayelipa bili ya stima na anayelipa bei ya mashine ni watu wawili tofauti hapo, na kila mmoja atavutia upande wake.

Ukiamua kutengeneza

Uliza fundi kama ana cheti cha ufundi wa majokofu na viyoyozi, kwa mfano kile cha mitihani ya NITA, Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, au cha chuo cha ufundi. Mpatane bei kwa maandishi kabla hajafungua skrubu: kasoro ni nini, sehemu gani inabadilishwa, ni mpya au iliyotumika, na atarudi bila malipo ndani ya muda gani tatizo likirudi. Mwombe akuachie sehemu ya zamani aliyoitoa. Ombi hilo dogo humaliza ujanja mwingi.

Na ikiwezekana, usingoje Januari. Mwezi wa Juni na Julai, kusi likivuma, mafundi wana nafasi, wanaweza kukaa saa mbili wakitafuta tundu badala ya kukimbilia nyumba nyingine, na bei inazungumzika.

Ukiamua kununua

Tafuta kibandiko cha nyota cha EPRA, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli. Kanuni za mwaka wa 2016 zinataka viyoyozi vya aina ya nyumbani viwe nacho. Nyota ni moja hadi tano. Zikiwa nyingi, stima inayotumika ni kidogo. Mwenye duka la dawa aende kwenye nyota nyingi hata kama bei iko juu. Mzee wa Changamwe, siku akinunua, hana haja ya kulipia nyota ya tano.

Usinunue kubwa kuliko chumba ukidhani ni bora. Hapa Pwani tunasumbuliwa na unyevu sawa na joto. Mashine iliyozidi chumba hupoza haraka na kuzima kabla haijakausha hewa, ukabaki na chumba chenye baridi ya unyevunyevu na shuka zinazoshika mwilini. Chumba cha kulala cha kawaida kinatoshwa na BTU 9,000 au 12,000. Chumba chini ya mabati bila dari, au chenye dirisha kubwa linalotazama magharibi, kitahitaji zaidi. Lakini kuweka dari na pazia zito huenda kukawa rahisi kuliko kuongeza BTU, na dari haili stima.

Ukitoka kwenye R-22, badilisha sehemu ya ndani na ya nje pamoja, na mabomba pia ikiwezekana. Mafuta ya kompresa za zamani hayapatani na ya mashine mpya, na mabaki yake kwenye bomba huleta matatizo.

Kuhusu mashine zilizotumika: zipo nyingi mjini, hasa zinazotolewa hotelini wakati wa ukarabati. Angalia gesi, angalia koili kwa tochi, na ukumbuke kwamba hoteli za ufuoni ndizo zilizopigwa chumvi zaidi. Ndugu zetu wanaorudi kutoka kazini Ghuba nao hutuma viyoyozi nyumbani. Vya kutoka Saudia viangalieni vizuri: umeme wa huko ni wa hezi 60, wetu ni hezi 50. Kompresa ya kawaida iliyoundwa kwa hezi 60 pekee huzunguka polepole hapa, ikavuta umeme mwingi na kupata moto kupita kiasi. Kibao kikisema 50/60, hakuna tatizo. Kikisema 60 tu, usilipie hata usafiri.

Kile cha zamani kinaenda wapi?

Mara nyingi mnunuzi wa vyuma chakavu hufika kabla fundi hajamaliza kunywa chai. Anataka shaba. Anakata bomba kwa msumeno, gesi yote inatoka kwa sauti ya "shhh", na kazi imeisha. Kilo moja ya R-22 iliyotoka hivyo ina athari kwa joto la dunia sawa na takriban tani 1.8 za kaboni dayoksaidi, mbali na madhara yake kwa ozoni. Mafuta ya kompresa humwagika kwenye mchanga, na kapasita inaweza kubaki na umeme wa kumpiga mtoto anayeichezea.

Mkubaliane na fundi tangu mwanzo kwamba kuinyonya gesi ya zamani na kuitia kwenye mtungi wa kuhifadhi ni sehemu ya kazi anayolipwa kwa kufunga mashine mpya. Gesi ikishatoka salama na kapasita ikaondolewa, shaba na alumini ni mali yako. Ziuze kwa mfanyabiashara mwenye leseni. Bodi za kielektroniki na kapasita zisiende jaani pamoja na maganda ya viazi. Zipelekwe kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki walioidhinishwa na NEMA, Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, na ikiwa hakuna aliye karibu nawe, zifunge kwenye gunia kavu mbali na watoto hadi utakapopata wa kuzichukua.